Jibu: Je, latisi zote zisizogawanyika za ZG zinaweza kuorodheshwa?

Dada wa Mbarara, umeuliza kama latisi zisizogawanyika za ringi ZG zinaweza kuorodheshwa zote, G ikiwa kundi lenye kikomo. ZG ni jumla za wanachama wa G zenye vizidishi vya namba nzima (Z); latisi yake ni Zⁿ ambayo G inatenda juu yake kwa matriksi za namba nzima, na isiyogawanyika ni ile isiyovunjika kuwa jumla ya mbili ndogo. Inategemea G. Orodha ina mwisho ikiwa tu, kwa kila namba tasa p inayogawanya ukubwa wa G, makundi ya Sylow ya p (makundi madogo ya G yenye ukubwa wa nguvu kubwa kabisa ya p) ni ya mzunguko, yaani yanazalishwa na mwanachama mmoja, na yana ukubwa p au p². Hapo C₂×C₂ (Cₙ ni kundi la mzunguko lenye wanachama n) haitimizi sharti, ingawa mwanahisabati Nazarova aliweza kuzipanga latisi zake zisizo na mwisho.

Anza na C₂ kwa kalamu na karatasi. Utapata tatu: Z tulivu (kundi halibadilishi kitu), Z ya kubadili alama (x inakuwa −x), na ZC₂ yenyewe (nafasi mbili zinabadilishana). Hii ya tatu, ukitumia namba za sehemu, inavunjika kuwa hizo mbili. Kwa namba nzima haivunjiki. Ukitaka hakika, punguza matriksi kwa modulo 2: ile yenye 1 na −1 kwenye ulalo inakuwa matriksi ya utambulisho, lakini ya kubadilishana nafasi inabaki vilevile.

Kwa Cₚ, mwanahisabati Reiner alithibitisha 1957 kwamba ziko 2h+1, h ikiwa namba ya madaraja ya ideali ya Z[ζₚ], ringi ya namba nzima iliyoongezewa ζₚ, mzizi wa p wa 1 (h hupima jinsi ideali zinavyokosa kuwa na kizalishi kimoja). Kwa p=23, h=3, basi ni saba.

Kitu kizuri kuliko vyote kinajitokeza hapohapo: ideali A isiyo ya kizalishi kimoja inatoa A⊕A² ≅ R⊕R, R ikiwa Z[ζ₂₃]. Yaani hata ukiwa na orodha kamili, mgawanyo wenyewe si wa pekee! Wenzako wa Makerere wakikuambia Krull–Schmidt (nadharia ya kwamba mgawanyo ni wa pekee) inatosha, waonyeshe huu mfano.