Nilivyoijaribu YZ125 pale Uyole nikaishia kwenye matuta ya viazi

Mi naendesha pikipiki huu mwaka wa 11, Mbeya mpaka Tukuyu, mvua na ukungu wote wa Isongole nimekula, kwa hiyo mshkaji aliponiambia kuna jamaa ana Yamaha YZ125, pikipiki ya mashindano ya motokrosi, imetoka Dar anaiuza, njoo uijaribu, nikajiona naenda kuwafundisha watu. Pikipiki si pikipiki tu bwana. Aisee.

Ilikuja juu ya kirikuu, maana haijatengenezwa kwa barabara ya lami, haina taa, haina indiketa, haina hata spidomita, na kwa vile stendi nayo hamna tukaiegemeza kwenye kreti la soda. Kiti kiko karibu mita moja toka chini, nilikuwa nagusa ardhi kwa vidole tu kama mtoto kwenye baiskeli ya baba yake. Ila nyepesi balaa, kilo kama 95 hivi, ukiiinua pembeni unahisi kuna kitu wamesahau kufunga.

Ni tu-stroki, yaani oili inachanganywa kwenye petroli. Jamaa alikuwa anapimia kwa macho, hapo nikamkatalia, tukapima kwa bomba la sindano, 1 kwa 32, kwenye lita 5 inaenda oili kama mililita 156. Ilipowaka tu nikasikia harufu ya chenso, ile ya wapasua mbao wa Mafinga.

Sasa sikiliza hapa, maana ndo watu wengi wanaumia. Pikipiki ya kazi ukiachia mafuta injini yenyewe inakuvuta nyuma, inapunguza mwendo, umezoea mpaka huwazi tena. Tu-stroki huo mchezo ni mdogo sana. Nimetoka na gia ya pili, injini ikiwa bado inazunguka polepole ikawa imelala hata kuku anaipita, nikakamua, ikabaki imelala, nikakamua tena, mara paap, ikaamka yote kwa mpigo, gurudumu la mbele likaacha ardhi, mi kwa mazoea yangu nikaachia mafuta nikasubiri ipungue yenyewe, haikupungua, breki nimekumbuka tayari niko ndani ya matuta ya viazi ya watu. Mama mwenye shamba akaja na jembe mkononi, "We baba, hivi huoni viazi hivi?" Shikamoo nyingi, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) nyingi, na elfu 5 ikanitoka. Watoto wa pale bado wanacheka nadhani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, kidole kimoja kikae kwenye breki na kingine kwenye klachi muda wote, na simama. Usikae kama umebeba abiria. Raundi ya pili nilisimama, magoti yamebana tenki, viwiko nje, nikapita palepale penye makorongo na pikipiki ikawa inaruka huko chini yenyewe wakati mi kichwa kimetulia, shokapu zinacheza kama sentimita 30, sasa ukikaa unazifanyia nini? Halafu kuwa makini na gia, hii ya kwanza iko chini na zingine 5 zote ni kunyanyua. Kama umezoea zile za kukanyaga mbele tu, utakanyaga kwenye kasi ukidhani unapandisha.

Nilitaka kumwambia jamaa injini yako mbovu, ilikuwa inakohoa na plagi tulipoifungua ni nyeusi tii. Kumbe kabureta bado lina jeti ya Dar, yaani kile kipande chenye kitundu kinachopimia mafuta. Huku kwetu tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, mafuta yanayoingia ni yaleyale, basi yanazidi hewa na injini inazama. Inataka jeti ndogo zaidi. Zile za injeksheni, zinazopuliza mafuta kwa kompyuta, zinajirekebisha zenyewe, ya kabureta hapana. Na nguvu kidogo lazima zipotee tu hata ukiseti vizuri, kwa hiyo usiifananishe na video za watu wanaoruka nazo huko pwani.

Kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia ufanye: toa kiti, chomoa filta ya hewa, pitisha kidole ndani kabisa kwenye njia ya kwenda kwenye kabureta. Kidole kikitoka na vumbi, hasa hili la huku lililo laini kama sembe, ujue pistoni inaweza kuwa imeshasagwa. Na usiulize imetembea kilomita ngapi, hizi zinahesabiwa kwa masaa. Jamaa nilimuuliza masaa akaniambia "haijatumika sana kaka", nikacheka.

Kidole changu kilitoka kisafi lakini, lazima niseme ukweli.

Kilichokuwa kinanichanganya ni kule nyuma kuteleza kwenye kokoto, inaruka ruka pembeni kama imekanyaga maharage. Nikalaumu shokapu. Kugonga tairi kwa kiatu, gumu kama jiwe, fundi aliyeijaza kaweka upepo wa bodaboda, wakati hizi zinataka psi 12 mpaka 14 tu. Tukatoa upepo kwa kukisia na msumari, raundi ya tatu ikashika ardhi hadi nikapiga kelele ndani ya helmeti.

Bei bado tunavutana. Jumamosi narudi tena, na safari hii naenda na geji yangu mwenyewe ya upepo na jeti mbili ndogo mfukoni, na kuzunguka nitazungukia upande wa pili, mbali na yule mama.