Kabla hujafungua injini ya rota, tafuta kilichoiua

Mazda RX-8 yangu niliinunua ikiwa imekufa. Ilikuwa imeegeshwa nyuma ya gereji moja hapa Dar es Salaam karibu miaka miwili, vioo vimejaa vumbi, na mwenye nayo alinipa maelezo mafupi: "Asubuhi inawaka vizuri. Ikishapata moto ukaizima, haiwaki tena." Maneno hayo yalikuwa yanatosha, ila wakati ule sikujua kuyasikiliza. Injini ya rota iliyoishiwa mgandamizo huwaka ikiwa ya baridi kwa sababu oili bado ni nzito na inasaidia kuziba. Ikipata moto oili inakuwa nyepesi, hewa inavuja, stata inazungusha bure.

Nikaifungua, nikaagiza sili mpya (vyuma vyembamba vya kuzibia mgandamizo), nikaifunga. Ilitembea kilomita 3,800 kisha ikarudia ugonjwa uleule. Naandika haya kwa ajili yako wewe unayelizungukia gari la aina hii bandarini au kwenye matangazo, usije ukalipa mara mbili kama nilivyolipa mimi.

Tuelewane kwanza kuhusu mashine yenyewe. Humu hakuna pistoni wala valvu. Kuna rota mbili, kila moja ni pembetatu iliyovimba ubavuni, zinazunguka ndani ya chemba inayofanana na namba nane iliyonenepa kiunoni. Kila uso wa rota una kazi zake zote: kuvuta hewa, kugandamiza, kulipuka, kutoa moshi. Rota ikizunguka mara moja, shafti inazunguka mara tatu. Ujazo wa injini hii, iitwayo 13B, ni sentimita za ujazo 1,308 tu, lakini RX-8 ya gia za mkono yenye injini ya nguvu zaidi inapiga resi hadi mizunguko 9,000 kwa dakika. Kinachotenganisha chumba kimoja na kingine ni sili: za ncha kwenye kila pembe ya rota, za pembeni, na za kona zinazounganisha hizo mbili. Ni vyuma vyembamba vinavyosukumwa na springi na presha ya gesi, vikisugua ukuta muda wote injini inapozunguka. Kule Hiroshima, timu ya mhandisi wa Mazda, Kenichi Yamamoto, ilihangaika kwa miaka na mikwaruzo ya ukuta huo, waliyoiita kucha za shetani, hadi Cosmo Sport, gari lao la kwanza la rota, ilipotoka mwaka 1967. Kwa hiyo fundi akikwambia sili ni kitu kidogo, tafuta fundi mwingine.

Pima kabla ya kufungua. Geji ya mgandamizo ya injini ya pistoni haitoshi, maana inashika kilele kimoja tu, na wewe unahitaji namba tatu kwa kila rota. Tafuta kipimo cha rota au mtu anayekimiliki. Kwa RX-8, kiwango cha chini ni kilo 6.9 kwa sentimita ya mraba stata ikizungusha mara 250 kwa dakika, na tofauti kati ya nyuso za rota moja isizidi 1.5. Betri iwe imejaa na injini iwe ya moto, la sivyo unajidanganya. Yangu ilisoma 6.2, 6.1 na 6.3 mbele, nyuma 5.8, 4.1 na 4.3. Namba mbili zikianguka pamoja kwenye rota moja, shuku sili ya ncha, kwa sababu sili moja ya ncha ni ukuta wa vyumba viwili. Ikianguka moja peke yake, anza kushuku sili ya pembeni au ya kona upande wa uso huo.

Sasa kosa langu. Nilipopata namba hizo nilidhani nimepata ugonjwa, kumbe nimepata jeraha. Sili haikujichakaza yenyewe. Injini ilipokufa mara ya pili ndipo nilipokaa chini na kufuata kamba mpaka mwanzo wake, na mwanzo wake ulikuwa koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche.

RX-8 ina plagi nne na koili nne. Koili za gari hili huchoka taratibu bila kuwasha taa yoyote kwenye dashibodi. Zikichoka, petroli haiungui yote. Sehemu yake inaosha oili kwenye ukuta wa chemba, na sili inaanza kusugua chuma kikavu. Nyingine inatoka na moshi, inaungulia ndani ya katalisti (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba), katalisti inayeyuka na kuziba. Moshi ukikosa pa kutokea, joto linarudi kwenye injini, hasa kwenye mlango wa moshi wa katikati ambao rota zote mbili zinautumia. Nilipokata katalisti yangu, ndani ilikuwa kama kaa la mawe. Katika ovaholi ya kwanza niliziacha koili zilezile na katalisti ileile. Sili mpya nilizirudisha kwa muuaji wao.

Mshirika wake alikuwa joto. Chini ya pua ya RX-8 kuna plastiki pana na sponji zinazoelekeza upepo kwenye rejeta. Mafundi wetu huifungua ili wafikie oili, halafu hairudi. Yangu haikuwepo. Kwenye foleni ya saa nane mchana gari lilikuwa linachemka na mimi sijui, kwa sababu mshale wa joto kwenye dashibodi hukaa katikati kwa muda mrefu mno na ukipanda umechelewa. Funga geji ya kweli ya maji na ya oili kabla hujanunua chochote cha mbwembwe. Mimi nikiona maji yamefika nyuzi 105 napunguza mwendo, 110 nasimama.

Kwenye kufunga, usafi ni nusu ya kazi. Sili za pembeni ni 12, na kila moja inachongwa kwa tupa ifuatane na kona yake, nafasi ikiwa kati ya milimita 0.05 na 0.15. Ukishachonga, usizichanganye, mimi nilizipanga kwenye trei ya mayai nikiandika namba. Zishikize kwenye rota kwa mafuta ya mgando, haya ya kawaida ya kujipaka. Yanashika vizuri na yanayeyuka injini ikiwaka. Na boliti kubwa ya mbele ya shafti usiilegeze ukiwa umeilaza injini: beringi ya sindano iliyo nyuma yake inaweza kudondoka kidogo, ukikaza unaibana na kuiua. Isimamishe, mbele ikitazama juu. Ukuta wa chemba ukiwa umebanduka kromu, hakuna sili mpya itakayouponya. Nunua chemba nyingine hata kama roho inauma.

Kila ninapojaza tangi naweka mililita 4 za oili ya kuchanganya kwa kila lita ya petroli, aina inayotumika kwenye mashine za boti za wavuvi. Pampu ya gari ya kudondosha oili naiacha ifanye kazi yake pia.

Wengi wananiuliza kuhusu kuchonga milango ya hewa, yaani kupanua matundu inamopita, na kufunga tabo (turbo). Tabo kwenye injini hii siipendekezi kwa anayeanza: uwiano wake wa mgandamizo wa kiwandani ni 10 kwa 1, na mlipuko mmoja wa kabla ya wakati unavunja sili ya ncha. Kuchonga kunawezekana, lakini kwenye RX-8 milango yote, ya hewa na ya moshi, iko kwenye sahani za pembeni zinazofunga ubavu wa rota, ambako sili zinapita. Ukipanua kuelekea ndani unaingia njia ya ringi za oili. Ukipanua kuelekea nje, sili ya kona inakosa pa kukanyaga. Chora mpaka kwa rota halisi ikiwa ndani, usinakili umbo kutoka kwenye picha.

Injini ya sasa ina koili mpya, bomba lisiloziba, plastiki ya chini na rejeta nene zaidi. Baada ya kilomita 11,000 inasoma 8.1, 8.0 na 8.2 mbele, 7.9, 8.0 na 7.8 nyuma. Sahani za akiba ziko chini ya meza yangu zimepakwa oili, tayari nimezichorea mstari, na nitaanza kuchonga mlango wa moshi peke yake.