Naongea kwa spika ya gari, kosa langu liko wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kazi yangu ni kupelekea wateja vipuri vya mashine, kwa hiyo siku nzima niko barabarani na bosi hunipigia kila mara. Simu siishiki kamwe. Napokea kwa spika ya gari, mikono yote miwili kwenye usukani. Ujumbe naujibu nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu tu, tena kwa kutamka, simu inaandika yenyewe. Mke wangu tukisafiri pamoja hunilaumu mpaka tunagombana. Mbona yeye ananisemesha njia nzima na hatujawahi kugonga?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefundisha udereva miaka 19, na hoja yako hiyo niliitetea mbele ya wanafunzi wangu kwa miaka mingi, hadi asubuhi moja nilipokuwa nampeleka mwanafunzi kwenye uwanja wa mazoezi. Usukani nilikuwa nao mimi. Kaka yangu akapiga, nikapokea kwa spika kama wewe, tukaanza kuzungumzia majibu ya vipimo vya mama yetu. Mwendo ulikuwa mdogo. Mbele palikuwa na kivuko, na mwanamke aliyemshika mtoto mkono alikuwa ameshateremka kwenye lami.

Mwanafunzi ndiye aliyepiga kelele: "Mwalimu, breki!"

Gari lilisimama juu ya mistari myeupe. Mtoto alikuwa ameshavutwa nyuma kwa mkoba wake wa shule. Macho yangu hayakuwa pembeni wala kwenye simu, yalikuwa mbele, yamewaelekea wale wawili, nami sikuwaona. Mikono yangu pia ilikuwa kwenye usukani, yote miwili.

Baadaye nikasoma utafiti wa David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Waliwaweka madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, wakafuatilia macho yao. Waliokuwa wakiongea na simu bila kuishika walivitazama vitu vya barabarani, lakini walipoulizwa baadaye wakavikumbuka kwa uchache mno kuliko waliokuwa kimya. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mtoto. Shirika la Afya Duniani nalo linasema dereva anayetumia simu yuko katika hatari ya ajali takriban mara 4 zaidi, na kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa kuizidi inayoshikwa.

Sasa mkeo. Yeye anaiona barabara unayoiona. Msikilize siku mnapoingia kwenye mzunguko au lori likitokea ghafla: atakatiza maneno yake, pengine akuonyeshe na pikipiki uliyokuwa hujaiona. Bosi wako yuko ofisini. Haoni lori, haoni mvua, na anataka hesabu ya mzigo sasa hivi. Akili yako inamfuata huko aliko, inaanza kuhesabu maboksi.

Hiyo ya taa nyekundu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mwaka 2015 AAA Foundation, taasisi ya utafiti wa usalama barabarani ya huko huko Marekani, ilitoa matokeo ya majaribio ya kuamuru simu na gari kwa sauti, na ikaonekana akili ya dereva inaweza kuchelewa kurudi barabarani hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Taa ikiwaka kijani ukaondoka kwa kilomita 40 kwa saa, sekunde hizo zinakupitisha mita 300. Hesabu mwenyewe ni njia panda ngapi na vivuko vingapi.

Ninachofanya mimi: kabla ya kuwasha gari nazima mlio na kuitia simu kwenye mkoba, mkoba nauweka kiti cha nyuma. Nikiwa na jambo lisilosubiri, natafuta mahali pa kuegesha nje kabisa ya barabara, nazima injini, ndipo napiga. Mwambie bosi wako wazi kwamba utampigia kila ukimaliza kushusha mzigo kwa mteja, na saa zenyewe mpangiane. Wiki ya kwanza atanung'unika. Akipiga ukiwa kwenye mwendo, mwache apige. Na siku wewe ukimpigia mtu akakuambia "naendesha", usimwambie "neno moja tu". Kata simu.