SWR 1.1 kwenye redio haikwambii kitu, pima kwanza waya unakula kiasi gani

Mkuu, usimalize kufunga huo waya. Umeandika kwamba una mita 30 za RG-58 (waya wa koaksi wa kuunganisha redio na antena: waya wa kati umezungukwa na waya wa kusuka wa nje), antena ya wima ya bendi mbili, redio ya wati 50, na mita inasoma SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena; 1 ndiyo bora) ya 1.3 kwenye 145 MHz na 1.1 kwenye 435, kwa hiyo kilichobaki ni kuuliza urefu wa mlingoti na aina ya konekta. Urefu wa mlingoti usubiri. Hiyo 1.1 unayoifurahia ndiyo ushahidi dhidi yako.

RG-58 hula takriban desibeli 20 kwa kila mita 100 kwenye 145 MHz, na karibu 40 kwenye 435. Kwa mita zako 30 ni desibeli 6 na 12. Desibeli 6 maana yake antena inapata robo: kati ya wati 50, zinafika kama 12. Desibeli 12 ni sehemu moja ya 16: zinafika wati 3. Wati 47 zinapasha waya joto. Na usidhani hasara ni ya kurusha tu. Kituo dhaifu unachotaka kukisikia kinakatwa vilevile kabla hakijafika kwenye redio.

Sasa kwa nini mita inakuchekea? Kwa sababu iko chini. Nguvu inapanda ikipungua njiani, inayorudishwa na antena inashuka ikipungua tena, na mita inaona mabaki tu. Kwa hasara ya desibeli 12, hata ukichomoa antena kabisa na kuacha ncha ya juu wazi, mita huku chini itasoma kama 1.13. Narudia: bila antena. Hiyo 1.1 yako ya 435 inaweza kuwa SWR ya 7 kule juu, na 1.3 ya 145 inaweza kuwa 3. Mita haina kosa, imewekwa mahali ambapo haioni.

Aliyekwambia "RG-58 inatosha, angalia SWR tu" namfahamu kwa aina yake. Mara nyingi ni mtu wa HF, yaani masafa ya chini, MHz 3 hadi 30. Kwenye 7 MHz mita 30 za waya huo zinakula zaidi kidogo ya desibeli 1, na hapo hana tatizo. Anabeba ushauri wa 7 MHz anaupeleka 435 kama ulivyo. Kuna watu wamenunua rola nzima kwa maneno hayo. Msiniulize ni nani. Mwingine ni yule wa "kata waya kidogo kidogo mpaka SWR ishuke". Kama antena na waya viko sawa, kukata koaksi hakurekebishi antena. Ikiwa namba inarukaruka kila ukikata, ama mkondo unatembea nje ya waya wa kusuka, ama waya wenyewe si wa omu 50 (kiwango ambacho redio na antena hizi zimetengenezewa), na mkasi hautatibu lolote kati ya hayo. Tyuna (kisanduku cha kulinganisha redio na waya) iliyo mezani nayo inaituliza redio tu. Hasara ya waya inabaki palepale.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini SWR yoyote, fanya hivi. Chomoa antena, acha ncha ya juu ya waya wazi. Chini weka NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima antena na waya) iliyokalibreshwa kwa masafa hayo, soma hasara ya urejesho, yaani nguvu imerudi ikiwa imepungua kiasi gani, kwa desibeli, gawanya kwa 2 maana imekwenda na kurudi. Hiyo ndiyo hasara ya waya kwenda upande mmoja. Kama una mita ya kawaida tu, shusha redio hadi nguvu ya chini kabisa, bonyeza sekunde moja usome. Ikisoma karibu 5.8, waya unakula desibeli 1.5. Ikisoma 3, ni desibeli 3, yaani nusu ya nguvu imeishia njiani. Ikisoma 1.7, ni desibeli 6. Ndiyo, hapa namba kubwa ndiyo nzuri. Ukishamaliza, panda na kifaa upime SWR kwenye mguu wa antena yenyewe kwa kipande cha waya kifupi. Hiyo ndiyo SWR ya kuandika.

Waya wa kununua: RG-213 kwa mita 30 inakula kama desibeli 2.7 kwenye 145 na 5 kwenye 435, kwa hiyo zinafika wati 27 na 16. LMR-400 ni kama 1.5 na 2.7, zinafika 35 na 27. Ukiitumia 435 kwelikweli, chukua LMR-400. RG-58 uliyonayo ibakishe vipande vya mita moja vya mezani.

Mtego wa konekta: RG-213 na LMR-400 zina unene uleule kwa nje, milimita 10.3, lakini waya wa kati ni milimita 2.25 kwa ya kwanza na 2.74 kwa ya pili. Konekta ya N ya RG-213 haitaingia kwenye LMR-400, na ukianza kuuchonga waya wa kati ili utoshe, umeharibu vyote viwili. Taja waya wako unaponunua. Kwa 435 chukua konekta ya N; ile ya PL-259 kwa 145 haina shida. Ukilehemu, tumia chuma kizito chenye moto wa kutosha, haraka, maana plastiki iliyo kati, hasa ile ya povu ya LMR-400, inayeyuka na waya wa kati unahama kugusa wa nje.

Maji ni adui anayefuata, maana waya wa kusuka unayanyonya kama utambi. Funga tepu ya plastiki tabaka moja, kisha tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukiivuta hadi upana upungue karibu nusu, ukianzia chini kupanda juu ili kila mzunguko ulalie ule wa chini yake. Juu yake tepu ya plastiki tena kuikinga na jua. Acha waya uning'inie kidogo chini ya konekta na kabla ya kuingia ndani, matone yadondokee hapo.

Leta kwanza ile namba ya ncha wazi, kwa 145 na 435.