Kondoo anakula vizuri lakini anakonda? Fikiria mapafu

Kondoo wangu wa kwanza kufa kwa saratani ya mapafu nilimnywesha dawa ya minyoo mara tatu. Alikuwa jike wa miaka mitatu, meno mazima, na chakula kikimwagwa alikuwa wa kwanza kufika. Lakini nikimpapasa mgongoni chini ya sufu, nilihesabu pingili moja moja. Nikadhani minyoo imekuwa sugu, nikabadilisha dawa. Kumbe shida ilikuwa kifuani.

Ugonjwa wenyewe unaitwa jaagsiekte. Ni neno la Kiafrikana: jaag ni kukimbiza, siekte ni ugonjwa, kwa sababu mgonjwa huhema kama aliyekimbizwa. Chanzo chake ni virusi vinavyogeuza seli za mapafu kuwa uvimbe. Uvimbe hutoa majimaji, mapafu yanajaa, na mnyama anaishiwa mwili akihangaika kupata pumzi. Mara nyingi hana homa na hamu ya kula haipotei. Hapo ndipo wengi tunapopotea.

Dalili niliyoipuuza ni hii: tukirudi kutoka malishoni, alikuwa anabaki nyuma. Daktari wa mifugo alipokuja aliinua miguu yake ya nyuma, kichwa kikainama, maji yenye povu yakamwagika puani. Sijawahi kuyasahau maji yale. Usifanye jambo hilo kwa mazoea, maana linamtesa mgonjwa na linaweza kumsonga pumzi. Tena wapo wagonjwa wasiotoa hata tone, kwa hiyo pua kavu si cheti cha afya.

Nilitaka kundi zima lipimwe damu. Daktari akanieleza kwamba vinasaba vya kondoo vyenyewe vimebeba mabaki ya virusi vinavyofanana na hivi, hivyo mwili hauvioni kama mgeni na hautengenezi kinga ya kupimika. Chanjo hakuna, tiba hakuna. Ultrasaundi ya kifua huonyesha uvimbe uliokwisha kukua, ule mdogo unapita bila kuonekana. Hata Dolly, yule kondoo maarufu wa Uskochi aliyezalishwa kama nakala ya kondoo mwingine, aliugua saratani hii na akalazwa usingizi wa milele Februari 2003, akiwa na miaka sita.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Kondoo yule alipokufa nilimbakiza binti yake kwa sababu alikuwa na umbo zuri. Virusi hivi hupita kwenye pumzi, na pia kwenye maziwa, kuanzia yale ya dang'a. Miaka miwili baadaye binti akaanza kubaki nyuma. Kwa hiyo nasema bila kusita: mgonjwa aondolewe mapema, na watoto wake wasiwekwe kwa uzazi. Punguza msongamano zizini, na ukinunua kondoo, uliza wakubwa wa kundi lile wanakufa kwa nini. Iceland iliingiza kondoo wa aina ya Karakul kutoka Ujerumani mwaka 1933, wazima kwa macho, na ugonjwa ukaingia nao. Ilibidi wachinje makundi kwa makundi, na uliisha mwaka 1952.

Si kila anayekonda ana saratani, bila shaka. Anza na meno, minyoo ya tumbo na minyoo bapa ya ini. Kwa majike wazee kuna pia saratani ya utumbo, ambayo inaweza kujaza tumbo maji huku mgongo ukibaki mifupa. Ukikwama, mzoga ndio utakaokujibu. Mapafu mazima ni mepesi kama sifongo. Ya mgonjwa ni mazito, yana sehemu ngumu za kijivu, na koo la hewa limejaa povu. Wale niliodhani wamekufa ghafla kwa nimonia, sasa nina shaka nao, kwa sababu bakteria hupenda kumalizia kazi ambayo uvimbe uliianza. Siku hizi hakuna kondoo wangu mkubwa anayezikwa kabla daktari hajafungua kifua.