Shangazi anajibu: Fida ya jirani imekaa tupu siku mbili

Swali: Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto wanne, tuliingia hapa Buffalo, Marekani, mwaka juzi tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania. Jirani yangu ni bibi wa kizungu anaishi peke yake, hatujawahi kuongea zaidi ya kupungiana mikono. Uani kwake katundika kile chombo cha kulishia ndege, watoto wanakiita fida, na kila asubuhi hata baridi iweje anatoka na nguo yake ya kulalia kajitupia koti juu anajaza mbegu anarudi ndani. Juzi theluji ilipoanza kupiga sikumuona siku mbili, fida ikabaki tupu, ndege wanakuja wanakaa wanaangalia wanaondoka. Nikataka kwenda kumgongea, mume wangu akanikataza, akasema wazungu hawapendi kuingiliwa, anaweza hata kutuitia polisi. Siku ya tatu bibi akatokea anachechemea, kumbe alikuwa ameteguka mguu akashindwa hata kushuka ngazi. Roho inanisuta hadi leo. Ningefanyaje? Halafu huyo huyo baba watoto anasema kuwanunulia ndege chakula wakati kuna watu wana njaa ni kufuja pesa. Ni kweli?
— Mama wa wanne, Buffalo

Jibu: Marahaba mwanangu. Ulichokiona dirishani ulikiona sawasawa, na mimi nina sababu ya kukwambia hivyo kwasababu mi mwenyewe nipo hai vizuri leo kwa fida iliyokaa tupu.

Unasikia watu wanaitaja sana ile Krismasi ya 2022, nyie mlikuwa hamjafika. Dhoruba ya theluji ilianza Ijumaa tarehe 23 Desemba asubuhi. Upepo mkali wa baridi unapita juu ya ziwa Erie, maji bado yana ujoto kidogo, unabeba ule mvuke wote unakuja kuutua juu yetu, ndo maana Buffalo tunapata theluji kiasi kile wakati mji wa saa moja kutoka hapa jua linawaka. Uwanja wa ndege walipima karibu inchi 52, yani zaidi ya mita moja na robo, lakini theluji haikuwa tatizo lenyewe, tatizo ni upepo, ukifungua mlango huoni hata gari lako lililo pale pale mbele. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama njiani. Walikufa watu zaidi ya 40 kaunti hii, wengine ndani ya magari, wengine barabarani, wengine majumbani mwao kimya kimya.

Kwangu umeme ulikatika Ijumaa ile ile jioni. Hita yangu ni ya gesi nikajua nimesalimika, kumbe hata hita ya gesi inahitaji umeme wa kuzungusha feni, kwa hiyo ikanyamaza. Nilikuwa na mjukuu wangu wa miaka sita. Simu ikaisha chaji Jumamosi. Tukalala tumevaa makoti na kofia ndani ya blanketi nne, ukipumua unaona mvuke, na bado nilikuwa najiambia nisisumbue watu, nikajikaza kwa ile tabia yetu ya kusema tuko salama wakati hatuko salama. Jumapili mchana nikasikia koleo linakwangua ngazi. Alikuwa yule mzee wa nyumba ya pili, mtu ambaye miaka mitatu nilikuwa namjua kwa sura ya mbwa wake tu, kasimama na theluji imemganda kwenye nyusi, neno la kwanza alilosema si habari gani, alisema tangu Ijumaa sijaona mtu akijaza mbegu zako. Kumbe dirisha lake la jikoni linatazama fida yangu na kila asubuhi anakunywa kahawa akiangalia ndege wangu. Tulikaa kwake siku mbili, ana jiko la kuni. Mjukuu alikula supu ya kopo akasema ndo tamu kuliko zote alizowahi kula.

Sasa kuhusu wewe. Usijilaumu kwa kutotoka wakati upepo unavuma, hapo mume wako hata kama sababu yake haikuwa hiyo alikuokoa, watu wamepotea hatua chache kutoka mlangoni kwao. Unatoka upepo ukitulia, mnaenda wawili, simu ina chaji. Ukifika gonga, rudi hatua mbili nyuma uonekane, vua kofia, sema jina lako na onyesha nyumba yako kwa kidole, mi jirani yako nimekuja kuona kama uko salama. Sijawahi kuona mtu aliyekasirika kwa hilo kwenye theluji. Asipojibu gonga dirisha. Kimya kikizidi piga 911, namba ya dharura, uwaombe polisi waje wamkague, ni jambo la kawaida kabisa hapa na halina kesi. Na ukiwa pale angalia ubavuni mwa nyumba lile bomba la kutolea moshi wa hita, likizibwa na theluji ile sumu ya moshi inarudi ndani na haina harufu, ondoa theluji kwa mkono hata kama hajafungua mlango.

Ila hayo yote yanakuwa rahisi ukishakuwa na namba yake. Nenda wiki hii. Mpelekee maandazi, mwambie watoto wanapenda ndege wake, na kwa kuwa mguu unamuuma mwambie mwanao mkubwa atakuwa anamjazia fida asubuhi. Namba atakupa mwenyewe.

La baba watoto nalijibu kwa heshima. Kuna ndege utamuona hapo kwa bibi, mdogo, kichwa na koo nyeusi, shavu jeupe, anaitwa chikadii kwasababu ndo anavyolia. Ana gramu kama 11, yani karatasi mbili za kuchapia, na haendi popote wakati wa baridi, hahami kama wenzake. Usiku anajishusha joto la mwili karibu digrii 10 za Selsiasi ili asimalize mafuta yake kabla hakujakucha. Mtazame akichukua mbegu ya alizeti: hali pale pale, anaruka nayo hadi kwenye tawi, anaibana kwa miguu miwili, anaigonga kwa mdomo kama fundi viatu mpaka ipasuke, akishiba nyingine anazichomeka kwenye magome ya miti na baadaye anakumbuka alipoziweka. Kule Wisconsin miaka ya 1980 watafiti walifuatilia hawa hawa kwenye baridi kali, waliokuwa na fida walimaliza msimu hai asilimia 69, wasiokuwa nayo asilimia 37. Na walipokuja kuziondoa fida mahali ambapo ndege walizizoea miaka mingi, hawakufa kwa wingi kuliko wa porini, walijitafutia. Kwa hiyo ukisafiri usione dhambi, ila siku ya theluji nzito kopo moja la alizeti ni uhai wa kiumbe, na hakuna mtoto aliyenyimwa chakula kwa kopo hilo. Mwambie baba akae dirishani na chai yake nusu saa kabla hajakata shauri.

Swali: Shangazi habari. Nimepanga Minneapolis, nimeweka fida tangu Novemba napenda sana, sa hivi jirani kamlalamikia mwenye nyumba kwamba naleta panya. Najihisi kuonewa maana ndege ni wa wote.
— Kijana wa ghorofa ya kwanza

Jibu: Mwanangu, jirani yako ana haki na nakuomba uanze kwa kumwambia samahani kabla ya kujitetea. Panya hawaji kwa ndege, wanakuja kwa mbegu zinazomwagika. Ile mifuko ya bei rahisi imejazwa mtama mwekundu ambao ndege wengi wa huku wanautupa chini ili wafikie alizeti, asubuhi unaona fida tupu unadhani wameshiba kumbe nusu iko kwenye theluji, na theluji ikiyeyuka Machi ndo utaona lile tope linalonuka. Nunua alizeti tupu, ikiwezekana iliyomenywa isiwe na maganda. Weka sinia chini ya fida. Jaza ya siku moja, jioni ishushe ndani. Akiba iweke kwenye debe la bati lenye mfuniko, ndoo ya plastiki panya anaitoboa usiku mmoja. Kila wiki mbili ioshe kwa jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, suuza ikauke kabisa, maana fida chafu inaambukiza ndege ugonjwa wa salmonela, na ukimwona ndege kajikunyata haruki hata ukimkaribia, ishushe kwa muda. Na kama iko karibu na dirisha basi iwe ndani ya mita moja au mbali zaidi ya mita tisa, hapo katikati ndo wanapojigonga kwenye kioo kwa kasi wakafa.

Swali: Shikamoo. Tuko Toronto, watoto wanawarushia ndege mkate na mabaki ya chapati kwenye theluji, je inadhuru? Na kuna kadogo ka kahawia kanafanana kabisa na shomoro wa kwetu Mombasa, au ni macho yangu yana hamu ya nyumbani?
— Baba mapacha

Jibu: Marahaba. Mkate unajaza tumbo bila kutia joto, na chapati ina chumvi, acheni. Nenda kwa muuza nyama mwombe yale mafuta magumu ya ng'ombe yanayozunguka figo, kata vipande, tia kwenye wavu wa vitunguu, ning'iniza kwenye mti. Au karanga zisizo na chumvi. Mapacha wape daftari wahesabu: kila Februari kuna siku nne ambazo watu dunia nzima wanahesabu ndege wa uani, dakika 15 zinatosha, ni bure, unatuma hesabu yako kwa intaneti na wanasayansi wanaitumia.

Na macho yako hayana kosa. Ni shomoro yule yule. Huku si kwao pia, watu walimleta kutoka Uingereza wakamwachia Brooklyn miaka ya 1850 akasambaa mpaka kwako Toronto. Waambie watoto bibi yao Mombasa anaamshwa na sauti hiyo hiyo, mpigieni simu asubuhi dirisha likiwa wazi kidogo asikie.