Shangazi, mezani maneno yananikimbia

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa Mikindani, niko Besançon, Ufaransa, nasoma Kifaransa. Nimepangiwa kukaa na familia: baba, mama, watoto wawili na bibi yao. Darasani namwelewa mwalimu, lakini ikifika chakula cha usiku wote wanaongea kwa pamoja, nabaki kutazama sahani. Baba wa nyumba anajua Kiingereza. Nimwombe tuongee Kiingereza mezani hadi nizoee? Mama akinipigia simu jioni ndipo roho inatulia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimwombe. Mkianza Kiingereza mezani, baba huyo atakuhurumia na kuendelea nacho mpaka siku unafunga begi, nawe ulifuata Kifaransa.

Wanachosema mezani hutamkiwi hivyo na mwalimu. Darasani utasikia "je ne sais pas", yaani "sijui", neno kwa neno. Nyumbani ile "ne" inaachwa, yaliyobaki yanabanwa yanakuwa "chais pas". Sikio linahitaji muda, na linafunguka upesi kwa mtu mmoja kuliko kwa watano. Kwa hiyo shikamana na bibi. Kaa karibu naye, kata naye mboga, osha naye vyombo. Nilipokuwa nasoma Vichy, huko huko Ufaransa, bibi wa nyumba niliyokaa ndiye aliyenifungua mdomo, tukimenya viazi, kwa sababu hakuwa na haraka na alirudia jambo bila kuchoka. Mwite "vous", ile "nyinyi" ya heshima, mpaka mwenyewe akuruhusu vingine. Heshima kwa wakubwa umelelewa nayo.

Halafu nenda mezani na lako la kusema. Nimewaona vijana wetu wenye sarufi nzuri wakinyamaza mwaka mzima, kwa kuwa wanasubiri kudakia mazungumzo ya wenyeji kuhusu siasa zao na vipindi vyao vya televisheni. Wafaransa, kabla ya chakula, hupenda kuweka vitu vya kutafuna, na korosho mara nyingi zimo. Hapo ndipo pako, mwanangu! Nani katika nyumba hiyo amewahi kuona korosho ikining'inia nje, chini ya bibo? Nani anajua kwamba ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi, kwamba mikorosho hupuliziwa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, kwamba sehemu kubwa ya korosho zetu huuzwa ghafi kwenda India na Vietnam, ajira ya kubangua ikaenda nazo? Mchana andika sentensi chache za habari hiyo, mwalimu asahihishe, bibi akusikilize jikoni, jioni uziseme. Watakuuliza maswali, na utayaelewa kwa sababu habari ni yako. Siku nyingine waeleze kivuko cha Msangamkuu.

Kuhusu simu, usiache kuongea na mama, ila badilisheni muda. Sisi tumewatangulia saa mbili wakati wa baridi na saa moja majira ya joto. Mama akipiga saa tatu usiku wa huku, kwenu baridi hii ni saa moja jioni, chakula kinakaribia, unaingia mezani kichwa kimejaa Kiswahili. Apige Jumapili mchana, maduka mengi yakiwa yamefungwa na mji umepoa, maana upweke ndipo unapouma hasa. Siku za kati mtumie ujumbe wa sauti asubuhi.

Na usijifungie nyumbani. Miji ya Ufaransa ina vyama vingi vya wakazi vilivyoandikishwa chini ya sheria ya 1901: kwaya, mpira wa kikapu, ushonaji. Chagua kimoja ambacho wanafunzi wenzako wa kigeni hawaendi, maana mkikutana huko mtarudi kwenye Kiingereza. Ukifika, anza na "bonjour" kabla ya kuuliza lolote, hata dukani. Mtu akikuta umeruka salamu, anakujibu kwa mkato na mazungumzo yanakufa hapo hapo.

Shangazi, Mtwara